Poligrafu kwa anayeomba kazi ya polisi Marekani: anza na fomu, si na mashine

SWALI

Shikamoo mtaalamu. Nilizaliwa Kivu Kusini, nikakulia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na sasa ni raia wa Marekani ninayeishi Kentucky. Nimeomba kazi ya polisi, nimefaulu mtihani wa kuandika na ule wa mbio, na baada ya wiki tatu nimeitwa kwenye poligrafu, ile mashine inayosemwa hugundua uongo. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Hata nikipimwa presha hospitalini moyo hunienda mbio. Je, mashine haitaniita mwongo kwa sababu ya woga tu? Rafiki yangu amenitumia video zinazofundisha namna ya kupumua na kukaza misuli ili kuishinda. Tena tarehe yangu ya kuzaliwa, 1 Januari, ilijazwa tu kambini kwa kuwa wazazi hawakuwa na cheti. Jambo la mwisho: mwaka juzi nilipomtembelea mjomba Nairobi nilitafuna miraa, na niliporudi nikaitafuna mara chache hapa na madereva wenzangu. Kwenye fomu niliweka "hapana" mbele ya swali la dawa za kulevya. Nijiandae vipi?

JIBU

Marahaba, ndugu. Umeuliza mambo manne, lakini uzito wake haulingani, na lile ulilolitaja mwisho kana kwamba ni dogo ndilo zito kuliko yote. Umeweka "hapana" mahali ambapo jibu la kweli ni "ndiyo", na karatasi hiyo imeshaingia kwenye jalada lako. Maandalizi yako yaanzie hapo, wiki hii, si siku ya kipimo.

Nchini Kenya miraa ni zao halali, linalimwa Meru na kuuzwa mchana kweupe, kwa hiyo naelewa mtu aliyeitafuna Nairobi asipojihesabu kuwa mtumiaji wa dawa za kulevya. Ukivuka mpaka tu na kuingia Tanzania ulikokulia, mirungi hiyohiyo ni marufuku. Sheria ya Marekani haitazami sana mmea. Inatazama kemikali zilizomo. Kathinoni, ambayo hupatikana katika majani mabichi, imo katika kundi la kwanza la dawa zinazodhibitiwa, kundi lilelile la heroini, na kathini, ambayo hubaki majani yakinyauka, imo katika kundi la nne. Hivyo yale uliyoyafanya Nairobi na yale uliyoyafanya Kentucky si sawa mbele ya sheria, lakini yote mawili yanaulizwa katika fomu yenye swali la aina hiyo, na mpelelezi anayechunguza historia yako atataka kuyasikia kwako kabla hajayasikia kwa wale madereva.

Sitakudanganya kwamba ukilisema halitakugharimu. Kila chombo kina kanuni yake kuhusu matumizi ya zamani: FBI, shirika la upelelezi la serikali kuu, kwa mfano, haimpokei mtu aliyetumia bangi ndani ya mwaka mmoja kabla ya kuomba, wala aliyetumia dawa nyingine haramu ndani ya miaka 10, ilhali idara za miji na kaunti hujiwekea mipaka yake zenyewe, mingine mikali na mingine ya wastani. Waombe wakupe masharti yao kwa maandishi. Huenda yakakufungia mlango kwa muda. Hata hivyo, mlango uliofungwa kwa sababu ya matumizi una tarehe ya kufunguka, lakini taarifa ya uongo kwenye fomu ya kuomba uaskari hubaki katika jalada, na chombo kingine utakachokiomba baadaye kitauliza kama umewahi kupimwa kwingine na matokeo yalikuwaje. Askari huapa mahakamani karibu kila wiki. Wakuu wanaoajiri huogopa zaidi mtu asiyeaminika akiwa kizimbani kuliko kijana aliyewahi kutafuna majani.

Mwandikie mpelelezi wako barua fupi ya kurekebisha fomu. Eleza ulichotumia, wapi, mara ya kwanza na ya mwisho ni lini, takribani mara ngapi, na kwa nini uliandika "hapana" hapo awali. Kama uliandika hivyo kwa kudhani kwamba miraa si dawa ya kulevya, sema hivyo. Kama ulijua na ukaogopa, sema hivyo pia, kwa sababu sababu ya kubuni ni uongo wa pili juu ya wa kwanza. Baki na nakala yenye tarehe. Kabla ya kuituma, tafuta saa moja ya wakili. Mpimaji wa poligrafu si daktari wala kasisi: unachomwambia hakina siri, kinaandikwa katika ripoti, na mara nyingi chumba chote kinarekodiwa kwa picha na sauti.

Wakili huyo awe anayejua sheria za uhamiaji, kwa sababu ya lile jambo la tarehe. Tarehe yenyewe isikukoseshe usingizi. Maelfu ya wakimbizi wa Kongo, Somalia na Sudan wameandikwa 1 Januari kwa sababu maofisa waliowasajili walihitaji tarehe na familia hazikuwa nayo, na maofisa wa Marekani wanalijua hilo vizuri. Ukiulizwa, eleza hivyo tu. Jambo huwa jingine pale mtu anapojua kwamba umri ulipunguzwa kwa makusudi, au kwamba mtoto wa baba mdogo aliandikwa kuwa ndugu wa tumbo moja ili asiachwe kambini. Wengi waliofanya hivyo waliongozwa na huruma, nami siwahukumu. Lakini taarifa ya uongo iliyomfikisha mtu kwenye uraia inaweza kuufanya uraia huo ufunguliwe upya mahakamani, na kiti cha poligrafu ndicho mahali pabaya kabisa pa kuligundua hilo. Kama kuna lolote la aina hiyo katika jalada la familia yenu, wakili alisikie kabla ya mtu mwingine yeyote.

Sasa mashine. Haina uwezo wa kupima uongo, na mpimaji mwaminifu atakuambia hivyo. Inapima mambo ya mwili: mirija miwili, kifuani na tumboni, hufuata pumzi, vibamba vya vidoleni hupima jasho la ngozi, mkanda wa presha mkononi hufuata mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na kiti chenyewe siku hizi huwa na kitambuzi cha mwendo. Tangu John Larson alipoiunda kwa ajili ya polisi wa Berkeley, California, mwaka 1921, mashine imekuwa ya kompyuta, lakini kanuni haijabadilika sana.

Ndiyo maana woga wako wa jumla hauna nguvu kama unavyodhani. Mpimaji halinganishi moyo wako na moyo wa mtu mtulivu. Analinganisha jinsi mwili wako ulivyoitikia swali moja na ulivyoitikia swali jingine dakika hiyohiyo. Yapo maswali yasiyo na uzito, kama vile iwapo taa imewashwa. Yapo maswali ya msingi, kuhusu dawa za kulevya, uhalifu mkubwa na ukweli wa fomu yako. Na yapo maswali ya kulinganishia, ambayo ni mapana kiasi kwamba karibu kila mtu husita kuyajibu. Anayetetemeka kwa yote huonekana anatetemeka kwa yote. Tatizo huja pale unapoogopa swali moja kuliko mengine, na wewe kwa sasa unalo swali hilo, nalo halitokani na maumbile yako. Linatokana na fomu.

Lakini pia usiamini kwamba mkweli hapatwi na hasara. Baraza la Utafiti la Taifa la Marekani lilichapisha mwaka 2003 tathmini ndefu ya poligrafu, na hitimisho lake ni kwamba kipimo hufanya vizuri kiasi, bila kufikia ukamilifu, pale kinapohusu tukio moja mahususi, na kwamba hakifai kutegemewa katika kuchuja watu wengi kwa maswali ya jumla. Lilitoa mfano wa hesabu: katika wafanyakazi 10,000 wenye majasusi 10 miongoni mwao, kipimo kilichowekwa ili kiwanase 8 kingewaangusha watu zaidi ya 1,600, karibu wote wakiwa hawana hatia. Upande wa pili, Aldrich Ames wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, alifaulu kipimo cha poligrafu mwaka 1986 na 1991 huku akiwauzia Wasovieti siri. Waajiri wanayajua haya. Wanaendelea nayo kwa sababu watu wakiketi mbele ya mashine husema mambo ambayo wasingeyasema kwenye usaili wa kawaida, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi yake halisi. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1988 iliwakataza waajiri wengi binafsi kuitumia, ikaziacha huru ofisi za serikali. Na Kentucky imeiweka miongoni mwa masharti ya cheti cha uaskari, hivyo huwezi kuikwepa.

Kuhusu zile video, zifute. Wapimaji hufundishwa kutambua pumzi za kupangwa na misuli inayokazwa, na kiti kinawasaidia. Mwombaji akibainika anajaribu kuichezea mashine, kwa kawaida huhesabiwa kuwa amekataa kushirikiana, hata kama majibu yake yote yalikuwa ya kweli. Mwaka 2015 aliyewahi kuwa polisi huko Oklahoma alihukumiwa kifungo cha miaka 2 kwa kuwafundisha mbinu hizo watu waliomwambia waziwazi kwamba walikuwa na ya kuficha. Walikuwa maofisa wa serikali waliojifanya wateja. Hata kusoma kuhusu poligrafu unaweza kuulizwa. Jibu kwamba ulisoma ujue utaratibu, na kwamba rafiki alikutumia video.

Katika wiki tatu ulizonazo, keti na nakala ya fomu uliyoijaza. Pitia kila anwani, kila kazi uliyoacha au kufukuzwa, kila faini ya barabarani, kila deni. Jiulize juu ya mambo ambayo kwetu hayaonekani kuwa makosa: kufanya kazi kwa kitambulisho cha jamaa wakati cha kwako hakijatoka, kubeba bidhaa zenye kasoro kutoka ghalani bila ruhusa, kumchapa mdogo wako mpaka jirani akaita polisi. Yaandike pembeni pamoja na makadirio ya tarehe. Mtu aliyekwisha kuyakumbuka hayo nyumbani hayakumbuki kwa kushtuka akiwa amefungwa mkanda wa presha.

Siku yenyewe itachukua saa mbili hadi nne, pengine zaidi, na sehemu kubwa ni mazungumzo. Mpimaji atakusomea kila swali kabla ya kuwasha mashine. Hakuna swali la kukuvizia. Hapo ndipo pa kusema kwamba hukuelewa. Kiingereza chako kinaweza kuwa kizuri na bado neno moja la kisheria likakupita, kwa hiyo uliza linahusu nini hasa, tena uliza mpaka uridhike. Ukikumbuka jambo, lieleze hapo, naye atalirekebisha swali liwe "ukiacha yale uliyonieleza, je, umewahi…" ili "hapana" yako iwe ya kweli. Baada ya hapo ni kujibu ndiyo au hapana tu, ukiwa umetulia, kwa duru kadhaa za dakika chache zinazorudia maswali yaleyale. Lala vya kutosha, kula kama kawaida, kunywa chai yako uliyoizoea, wala usiache dawa uliyoandikiwa na daktari; ipeleke orodha ya dawa hizo. Kama umefunga au una mafua, sema mapema, kwani miadi huweza kuahirishwa.

Mashine ikizimwa, kazi haijaisha. Mpimaji anaweza kukuambia kwamba swali fulani lina shida na kukuuliza ulikuwa unawaza nini. Waombaji wengi huharibu hapa. Kuna anayebuni kosa dogo ili kumridhisha, akiamini kwamba kukiri chochote ni bora kuliko kukana. Kosa hilo la kubuni huandikwa kama lilivyosemwa. Kama kweli kuna kitu ulikiacha, kiseme. Kama hakuna, rudia kwa adabu kwamba umesema yote, kisha nyamaza. Ukimya wako si kosa, hata ukidumu.

Matokeo huwa ya namna tatu: hakuna dalili ya udanganyifu, ipo, au hayakuwa na uamuzi. Yakiwa ya namna ya tatu, omba kwa barua upimwe tena, kwani idara nyingi huruhusu. Ukiambiwa umeshindwa, uliza kama kuna rufaa au mpimaji wa pili wa kuipitia michoro iliyotolewa na mashine, na ni baada ya muda gani unaweza kuomba tena hapo. Andika tarehe ya kipimo na maneno ya matokeo kama ulivyoambiwa, maana fomu ya idara nyingine itayauliza.