Maswali na Majibu: Wareno katika Bahari ya Hindi

Je, ni kweli kwamba Ahmad ibn Majid ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India?

Jina hilo limeenea sana, lakini ushahidi wake ni dhaifu. Ibn Majid, bingwa wa ubaharia kutoka Julfar katika Ghuba ya Uajemi, alikuwa mzee kufikia mwaka 1498, na habari inayomhusisha na Wareno iliandikwa Makka miongo mingi baadaye. João de Barros, mwandishi wa historia wa Kireno, anamtaja Mwislamu wa Gujarati aliyeitwa «Malemo Cana». Na msomaji wa Kiswahili atatambua kwamba «malemo» si jina la mtu bali ni maalim, yaani mjuzi wa kuelekeza chombo baharini.

Kwa nini safari ya kwenda India ilichukua siku 26 tu, na ya kurudi ikakaribia miezi mitatu?

Ni kwa sababu ya pepo. Da Gama aling'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi ilipokuwa inaanza kushika, naye alikuwa na rubani aliyeijua njia, hivyo tarehe 20 Mei alikuwa mbele ya Calicut, bandari ya India. Wakati wa kurudi hakuingoja kaskazi: aliondoka pwani ya India mapema Oktoba, katika maleleji, ambapo upepo huvuma huku na huku au hukatika kabisa, na merikebu zake zikakwama baharini huku mabaharia wakivimba fizi kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda na mboga mbichi. Walikufa watu wapatao 30. Walipofika Malindi tarehe 7 Januari 1499, wagonjwa waliomba machungwa. Na kwa kuwa waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu tatu, São Rafael iliteketezwa kwa moto siku chache baadaye, walipokuwa wakielekea kusini. Nasisitiza jambo hili kwa sababu mara nyingi husemwa kwamba Wareno «waligundua» njia hiyo, ilhali wafanyabiashara wa mwambao, Uarabuni na Gujarat walikuwa wameipita kwa karne nyingi, wakifuata kalenda ya pepo ambayo Da Gama aliipuuza kwa gharama ya watu wake.

Walileta bidhaa gani za kuuza?

Duni mno. Zawadi zilizoandaliwa kwa Zamorin, mtawala wa Calicut, zilikuwa vitambaa 12 vya mistari, kofia, marijani, mabeseni sita, sukari, mafuta na asali, na maofisa wake walicheka wakisema kwamba hata mfanyabiashara maskini kabisa kutoka Makka hutoa zaidi ya hivyo. Kwa kuwa soko lilihitaji dhahabu, ambayo Wareno hawakuwa nayo ya kutosha, walitegemea mizinga. Mwaka 1505 Francisco de Almeida, mkuu wa msafara wa Kireno, aliivamia Kilwa, kisha akaichoma Mombasa, na ngome ikajengwa Sofala, katika Msumbiji ya leo, ili kuidhibiti dhahabu ya bara. Vyombo vya wenyeji vililazimishwa kuchukua kibali kilichoitwa cartaz na kulipa ushuru katika bandari za Wareno. Chombo kisicho nacho kiliweza kutekwa pamoja na shehena yake. Kwa maoni yangu, huo ulikuwa unyang'anyi uliopewa sura ya sheria.

Ni maneno gani ya Kireno yaliyobaki katika Kiswahili?

Meza, leso, bendera, mvinyo na mengine. Lenye historia nzito zaidi ni gereza, kutoka igreja, maana yake kanisa: makanisa yao yalijengwa ndani ya ngome, na baadaye ngome hizo zilitumika kufungia watu.