Eti wanakuja kula tu?
Ndugu, unasema watoto wakipewa chakula shuleni watakuja kula tu si kusoma, hapana kabisa. Mtoto katoka nyumbani alfajiri bila hata kikombe cha uji, ikifika saa sita hasikii tena mwalimu anasema nini, akienda kutafuta chakula ndo harudi hadi kesho. Kule Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, WFP (Shirika la Chakula Duniani) wanapeleka chakula mashuleni na kwa familia nyingi hiyo sahani ndo inafanya mtoto aachiwe aje badala ya kuchunga. UPE, ule mpango wa Uganda wa elimu ya msingi kwa wote, ilifuta ada 1997 sawa, lakini Sheria ya Elimu ya 2008 ikaacha chakula kwa wazazi, sasa asiye na kitu afanyeje? Angalau shule zipokee mahindi na maharage wakati wa mavuno, sio pesa tu jamani.