Kujitolea nje ya nchi: uliza kwanza utamkuta nani

Kila ninapoulizwa kuhusu kujitolea nje ya nchi, swali la kwanza huwa ni lile lile: nchi gani nzuri? Mimi nasema nchi haina neno, angalia mtu utakayemkuta huko. Miradi ya vijana ya mitaani husimama kwa nguvu za mwenyeji mmoja au wawili wanaomjua kila kijana kwa jina, wanaojua nani kagombana na mama yake na nani kaacha shule kimyakimya. Ukimpata mtu wa aina hiyo, hata kitanda kibovu utakivumilia. Ukimkosa, utamaliza muda wako ukibuni shughuli ambazo hakuna aliyezihitaji.

Kwa hiyo kabla hujajaza fomu, omba kuzungumza naye kwa simu. Namaanisha yeye mwenyewe, si ofisi inayoandikisha watu. Muulize aliyejitolea kabla yako alikuwa anafanya nini Jumanne mchana. Anayeendesha mradi wa kweli atakujibu palepale: alikuwa anafungua ukumbi, anapanga viti, anawasaidia wa kidato cha pili hesabu mpaka saa kumi na moja. Anayekujibu kwa maneno matamu ya kubadilisha maisha, bila Jumanne hata moja ndani yake, mshukuru na uendelee kutafuta. Muulize pia kazi hiyo ataifanya nani ukishaondoka, na kama hakuna mwenyeji ambaye angeweza kuajiriwa kuifanya. Wapo wanaokereka na swali hili. Liulize tu.

Jambo jingine hutambulika mapema. Ukiona mradi unahusu watoto na vijana wadogo, halafu hukuombwa cheti cha tabia njema cha polisi wala wadhamini wa kukueleza wewe ni mtu gani, usifurahi kwamba mambo yamekuwa mepesi. Jinsi walivyokupokea wewe ndivyo watakavyompokea mtu yeyote. Na vituo vya watoto yatima, mimi nasema usiende kabisa. Watoto wengi wanaolelewa kwenye vituo hivyo duniani wana mzazi angalau mmoja aliye hai, na pesa za wageni ni moja ya mambo yanayowafanya wenye vituo waendelee kutafuta watoto. Mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, katika azimio lake kuhusu haki za mtoto, lilizitaka nchi zichukue hatua dhidi ya madhara ya programu za kujitolea kwenye vituo hivyo.

Kuhusu gharama sina mengi. Usidhani lazima ulipe fedha nyingi. Umoja wa Ulaya una mpango wa mshikamano wa vijana wa miaka 18 hadi 30, kwa nchi zake na baadhi ya majirani, unaobeba nauli, malazi, chakula, bima na pesa kidogo ya mfukoni. Ujerumani ina mpango wa weltwärts, ulioanza 2008 ukipeleka vijana wake nje, na tangu 2013 unapokea pia vijana kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. UNV, shirika la Umoja wa Mataifa la wanaojitolea, huwapa watu wake posho ya kujikimu. Kwa anayetaka kuonja tu, kuna kambi za kazi za wiki mbili au tatu za shirika la Service Civil International, ambalo mizizi yake ni kundi dogo lililokwenda kujenga upya kijiji karibu na Verdun, Ufaransa, mwaka 1920, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Huko kwa kawaida unajilipia nauli na ada ndogo. Anayekudai kikubwa, mwombe mchanganuo uone ni kiasi gani kinaufikia mradi wenyewe. Na usisafiri na viza ya utalii kwa matumaini kwamba kwa kuwa hulipwi basi si kazi. Nchi nyingi hazioni hivyo.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Nilipofika kwenye mradi niliojitolea, vijana hawakuniuliza natoka wapi. Kijana mmoja, mpira kwapani, aliniuliza, "Utaondoka lini?" Nikamtajia tarehe. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kucheza. Baadaye mratibu alinieleza kwamba swali hilo kila mgeni huulizwa, na wanaojibu "bado nipo nipo" ndio wanaoaminiwa kidogo kuliko wote. Hawa ni vijana waliokwisha kuagwa mara nyingi, na wengine hata kuagwa hawakuagwa.

Majuma ya mwanzo watakupima. Watachelewa makusudi, watakudanganya majina, watakuomba simu yako waone utafanyaje. Dawa yake si ukali, wala si kujifanya rafiki wa kila mtu. Dawa ni kufika saa ile ile kila siku na kufanya ulichosema jana. Kijana mmoja, wa kimya kupita wote, alianza kuzungumza nami baada ya kuona kila Alhamisi pampu ya mpira iko mahali pake. Sikumpa ushauri wowote.

Ahadi ndizo za kuogopa kuliko kitu kingine. Neno dogo kama "tutaona kuhusu safari yako" kwako ni adabu tu, ila kijana wa miaka 16 atalihesabu siku kwa siku. Usitoe pesa mkononi mwa kijana mmoja, hata kama shida yake ni ya kweli. Ipeleke kwa mratibu, anajua ni nani mwingine ana shida hiyo hiyo. Picha za watoto usizirushe kwenye kurasa zako. Na usikae faragha na mtoto mlango ukiwa umefungwa, kwa usalama wake na kwa heshima yako.

Kuondoka kuanze mapema. Waambie vijana wiki kadhaa kabla, andika kwenye daftari kila kitu unachofanya na vifaa viko wapi, kisha siku za mwisho mwache mwenyeji aongoze wewe ukiwa pembeni. Ukishafika nyumbani watakutafuta kwenye simu. Salamu zijibu. Akikuletea jambo zito, la kupigwa au la kutaka kukimbia nyumbani, mwambie wazi kwamba utampigia mratibu, kisha umpigie siku hiyo hiyo.