Hiyo asilimia 75 isikutishe

Umeuliza kama Brillat-Savarin, ile jibini laini ya Kifaransa inayoandikwa mafuta asilimia 75, ni robo tatu mafuta. Hapana ndugu, ukiila huli robo tatu mafuta. Hiyo asilimia 75 hupimwa kwenye kile kinachobaki maji yakishaondolewa, na karibu nusu ya jibini hii ni maji. Kipande chenyewe kina mafuta kama asilimia 40 hivi. Siagi inaizidi mara mbili. Ulaini wake unatokana na krimu inayoongezwa kwenye maziwa kabla hayajagandishwa.

Zamani iliitwa Excelsior, kazi ya familia ya Dubuc kule Normandie, kaskazini mwa Ufaransa, mpaka Henri Androuët, muuza jibini wa Paris, alipoibadilisha jina miaka ya 1930. Siku hizi hutengenezwa zaidi Bourgogne, eneo jingine la Ufaransa.

Itoe kwenye friji saa nzima kabla ya kula. Ikiwa baridi inakuwa kama chaki tu.