Kabla Hujaagiza Daumier wa Kutundika Sebuleni

Picha yangu ya kwanza ilikuwa ya mfalme anayekula. Honoré Daumier, mchoraji Mfaransa wa karne ya 19, aliichora mwaka 1831 na kuiita Gargantua: Mfalme Louis-Philippe wa Ufaransa ameketi, tumbo limemjaa, ubao mrefu umeegemezwa kinywani mwake, na watu wanaupanda wakiwa na vikapu vya fedha zilizokamuliwa kwa maskini. Chini ya kiti chake zinadondoka nishani na vyeti vya vyeo, wapambe wanazigombea. Kwa picha hiyo Daumier alihukumiwa kifungo cha miezi sita, na mwaka 1832 akapelekwa gereza la Sainte-Pélagie, Paris. Nilipoijua habari hii sikulala. Nikaagiza mtandaoni nakala ya rangi za mafuta, iliyochorwa kwa mkono, upana wake zaidi ya mita moja.

Ilipofika, dhihaka yote ilikuwa imekwisha. Gargantua asilia ni lithografia. Daumier aliichora kwa kalamu yenye mafuta juu ya jiwe, ikachapwa kwa wino mweusi, na ukubwa wake unakaribia karatasi ya A4. Ukali wake umo kwenye mistari ile. Aliyeninakilia aliongeza joho jekundu na anga ya buluu, akazilainisha nyuso zote. Mfalme akawa babu mnene aliyeshiba vizuri, na wale maskini, ambao ndio kisa chenyewe, wakageuka mapambo ya pembeni. Nilikaa nayo miaka miwili, na kila nikiitazama nilihisi nimemkosea mtu aliyefungwa kwa ajili yake.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuomba: kabla hujatoa fedha, jua kazi unayoitaka ilizaliwa kwenye nini. Daumier aliacha lithografia zipatazo 4,000, nyingi zikiwa zimechapwa katika magazeti ya La Caricature na Le Charivari. Zile usizigeuze rangi za mafuta. Kama unawapenda mawakili wake, wale wenye majoho mapana na midomo wazi aliowachora kati ya 1845 na 1848 (aliwajua vyema, utotoni alikuwa tarishi wa ofisi ya dalali wa mahakama), nunua karatasi yenyewe. Zilichapwa kwa wingi, hivyo bado zinapatikana kwa wauzaji wa michoro ya zamani hapa Paris. Igeuze uangalie mgongo: ukikuta maandishi ya gazeti, hiyo imetoka ndani ya gazeti lenyewe. Itie kwenye fremu yenye kioo, uitundike mbali na jua.

Nakala ya mkono iache kwa zile alizozichora kwa rangi za mafuta tangu mwanzo. Nami niliipata yangu kwenye jumba la makumbusho la Orsay. Inaitwa Crispin na Scapin, ya miaka ya 1860, takriban sentimita 60 kwa 82. Watumishi wawili wa vichekesho vya jukwaani: mmoja anamnong'oneza mwenzake sikioni, mwenzake amekunja mikono, macho yamefinywa, tabasamu la mtu ambaye njama imeshamkolea. Mwanga unatoka chini, kwenye taa za ukingo wa jukwaa, ndiyo maana videvu vinang'aa na vipaji vya nyuso vina giza. Nilisimama pale hadi mlinzi akaja kuniangalia.

Safari hii sikuagiza kwa kubofya. Nilimtafuta mchoraji anayenakili kwa mkono, nikaenda kwake, tukaongea kuhusu mambo mawili tu: mwanga ubaki unatoka chini, na asilainishe chochote. Daumier hakumalizia nyuso kama wachoraji wa picha za heshima; mipigo ya brashi inaonekana, mistari myeusi inazunguka mikono kama ya mchora katuni. Mnakili mzuri huwa na hamu ya kusafisha. Mzuie mapema. Mwombe akutumie picha za hatua tatu: mchoro wa mkaa, rangi ya msingi, na nyuso kabla hazijakauka, wakati bado zinaweza kukwanguliwa. Mimi nilimrudisha mara moja kwenye tabasamu la yule aliyekunja mikono. Lilikuwa limekuwa la upole.

Ukiagiza kwa mbali, omba picha iliyopigwa kutoka ubavuni, karibu sana. Wapo wanaochapa picha kwa mashine juu ya turubai kisha wanapaka gundi angavu ili ionekane kama mipigo ya brashi. Chukua kioo cha kukuzia: uchapaji huonyesha vidoto vidogo vya wino vilivyo sawasawa. Na turubai ikisafirishwa bila fremu, izungushwe kwenye bomba pana, rangi ikiwa upande wa nje. Ikizungushwa kwa ndani rangi hujikunja na kupasuka. Ikifika, mpe fundi wa fremu aiwambe. Usiharakishe vanishi, rangi nene ya mafuta huhitaji miezi kukauka.

Kuhusu haki: Daumier alifariki 1879, kazi zake hazina tena mwenye hakimiliki. Lakini usikubali sahihi yake inakiliwe. Sheria ya Ufaransa tangu 1981 inataka nakala itajwe wazi kuwa ni nakala. Yangu ni ndogo kuliko asilia kwa sehemu moja ya tano, na nyuma mchoraji ameandika jina lake mwenyewe.

Mahali pa kutundika pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Gargantua niliitundika chumba cha kulia, na wageni walikula kwa shida. Lithografia yake ya mtaa wa Transnonain wa Paris, inayoonyesha familia iliyouawa na askari nyumbani mwao Aprili 1834, mwanamume amelala sakafuni na mtoto chini yake, sitaitundika kamwe juu ya kochi. Ile ni ushahidi. Ukitaka kukaa nayo, iweke pale unaposoma, ukiwa peke yako.

Crispin na Scapin wako ukutani mkabala na mlango. Niliondoa taa ya juu ya upande ule, nikaweka ndogo chini, juu ya kabati la vitabu. Jioni nikiiwasha, binti yangu huja kusimama mbele yao na kuniuliza wanapanga nini. Kila mara humwambia aniambie yeye kwanza.