Mkwara, luteka na vita: kwa wadogo zangu wa dawati la kimataifa

Jana asubuhi nimekuta skripti ya mazoezi ya China kuzunguka Taiwan yenye kichwa "Vita yanukia". Nimeisoma yote na sijaona hata mstari mmoja uliobeba kichwa hicho. Wiki iliyopita mwingine aliandika "yatunisha misuli" mara tatu kwenye taarifa moja. Nawapenda na najua mnafika zamu ya alfajiri bila hata chai, lakini makosa haya tuliyafanya sisi kabla yenu, na hakuna sababu ya kuyarudia.

1. Maneno. Manowari ni meli ya kivita. Inayokwenda chini ya maji ni nyambizi. Wanajeshi 100,000 si "majeshi 100,000".

2. Nani kasema? Hapa nitakaa kidogo.

Februari 15, 2022 nilikuwa mhariri wa zamu ya usiku. Urusi ilikuwa imeshakusanya wanajeshi zaidi ya 100,000 karibu na Ukraine, na upande wa Belarus kulikuwa na luteka, yaani mazoezi ya kivita, ya pamoja ya Urusi na Belarus, iliyotangazwa kwisha Februari 20. Siku ile wizara ya ulinzi ya Urusi ikasema baadhi ya vikosi vimemaliza mazoezi na vinarudi kambini. Zikaja na picha za vifaru vikipandishwa kwenye mabehewa. Nilikuwa nimechoshwa na habari ile, na moyoni nilitaka iwe kweli. Nikaandika: "Urusi yaondoa wanajeshi mpakani mwa Ukraine." Sikuandika "yasema imeondoa". Kauli ya NATO kwamba haijaona dalili yoyote ya kupungua kwa wanajeshi niliiweka aya ya mwisho, na muda ulipombana msomaji wa taarifa, ikakatwa.

Asubuhi, kabla sijaondoka, mapokezi wakaniunganishia simu ya mzee mmoja. Binti yake alikuwa anasoma udaktari Sumy, mji ulio karibu kabisa na mpaka wa Urusi, na mzee alikuwa ameshakopa nauli ya kumrudisha nyumbani. Akaniuliza, "Mwanangu, ni kweli wameondoka?" Nikamjibu, "Ndiyo mzee wangu, wametangaza." Akashusha pumzi. "Basi acha amalizie mitihani."

Luteka ya Belarus haikwisha tarehe 20; iliongezwa muda. Tarehe 24 vita ikaanza. Mzee akapiga tena siku chache baadaye. Hakunifokea. Aliniambia maji yamekatika hosteli, na binti anayeyusha theluji kwenye sufuria wapate ya kunywa, kisha akauliza kama nimesikia habari yoyote ya njia ya kutokea. Sikuwa nayo. Mabasi yalitoka Sumy Machi 8, na binti alikuwemo. Nilipomwamkia mzee shikamoo siku ile, sauti haikutoka vizuri.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dalili nilikuwa nayo mezani. Mwishoni mwa Januari maofisa wa Marekani waliwaambia waandishi kwamba Urusi imesogeza akiba ya damu ya majeruhi karibu na mpaka. Nikaipa sentensi moja. Kifaru unaweza kukipeleka mpakani, kikapigwa picha, ukakirudisha mwakani. Damu ya akiba inaharibika baada ya wiki chache. Tangu hapo nikisoma habari ya luteka, vifaru navipitia haraka. Natafuta hospitali za uwanjani, damu, mafuta na madaraja ya muda. Nanyi fanyeni hivyo.

3. Angalieni kalenda. Machi 1996 China ilirusha makombora baharini karibu na Taiwan kisiwa kikijiandaa kumchagua rais kwa kura ya wananchi kwa mara ya kwanza. Marekani ikasogeza vikosi viwili vya meli za kubeba ndege, Independence na Nimitz. Lee Teng-hui, ambaye Beijing haikumtaka, akashinda. Ukiandika makombora bila kutaja uchaguzi, msikilizaji hapati kitu.

4. Kwa Ulaya, ulizeni kama taarifa ilitolewa mapema: Hati ya Vienna ya 2011, makubaliano ya nchi za huko ya kuarifiana kuhusu shughuli za kijeshi, inataka taarifa siku 42 kabla kwa mazoezi ya wanajeshi 9,000 au zaidi.

5. Silaha za gwarideni si lazima ziwe zinaruka. Wachambuzi waliochunguza picha za gwaride la Pyongyang, Korea Kaskazini, la Aprili 2012 walisema makombora mapya yalikuwa ya maonyesho tu.

6. Mkwara nao si maneno matupu, na sisi wa pwani hatuhitaji kwenda mbali kujifunza. Agosti 1885 manowari za Ujerumani zilitia nanga mbele ya kasri ya sultani, Seyyid Barghash, Unguja, mizinga ikielekea kwake, ili akubali himaya yao huku bara. Akakubali, bila risasi kulia. Miaka 11 baadaye, Agosti 27, 1896, zikaja manowari tano za Waingereza mbele ya kasri ileile, na ndani yumo mwanawe, Khalid, aliyejitwalia usultani bila ridhaa yao. Walimpa hadi saa tatu asubuhi awe ametoka kasrini. Akajibu kwamba haamini watafyatua. Kwa muda usiofika saa moja, kasri ilikuwa kifusi, meli ya sultani, Glasgow, inazama, na watu wake wapatao 500 wameuawa au kujeruhiwa. Ukisimama Forodhani ukatazama bahari utaona umbali ule ulivyo mfupi. Baba na mwana walitazama picha ileile dirishani. Kwa hiyo usiniandikie "ni vitisho tu" kama usivyotakiwa kuniandikia "vita yanukia".

Wewe wa Taiwan, skripti yako nimeirudisha. Kichwa kiseme nani kafanya nini na nani kasema. Ongeza kilichotokea kisiwani wiki hii, tafuta kama kuna mahali meli za mizigo zimezuiwa kupita, halafu nipigie kabla ya taarifa ya saa saba.