Kutembea Bogotá na Mtoto Mpya na Dada Yake

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi na mume wangu ni Wakenya tunaoishi Houston, Marekani. Tumekubaliwa kuasili mvulana wa miaka 7 aliyelelewa Bogotá, Kolombia, na mwezi ujao tutamfuata pamoja na binti yetu wa miaka 11. Tumeelezwa kwamba tutakaa huko wiki kadhaa tukisubiri hukumu ya mahakama na viza ya mtoto. Mume wangu ameshaandika orodha ndefu ya mahali pa kutembelea, nami nahofia kumchosha mtoto ambaye bado hajatuzoea. Binti naye tumemwahidi safari ya kukumbukwa. Tufanyeje?
Mama Watoto, Houston

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongereni. Mumeo hakukosea kutaka kuuona mji huo, ila amesahau kwamba mvulana huyo yuko kwao. Anasema Kihispania, anaijua ladha ya arepa, mkate wa mahindi wa huko, na kelele za mitaa ile. Kitu kigeni kuliko vyote atakachokutana nacho mwezi ujao ni ninyi watatu. Kwa hiyo siku za mwanzo zimalizieni karibu na mnapolala: bustani moja, duka moja la mikate, njia ileile kila asubuhi. Chakula apewe na mama au baba, wala asilishwe na wahudumu au wenyeji wakarimu, kwa sababu mtoto aliyepitia mikono mingi huweza kumchangamkia yeyote, na anachopaswa kujifunza sasa ni nani wa kumkimbilia anapoumia.

Bogotá iko takriban mita 2,640 juu ya usawa wa bahari, na nyinyi mnatoka uwanda wa pwani, hivyo watakaohema kwenye ngazi ni ninyi. Mlima Monserrate, wenye kanisa kileleni kwenye mita 3,152, uacheni hadi wiki ya pili au ya tatu. Hupandwa kwa treni inayovutwa kwa kamba au kwa kibanda kinachoning'inia kwenye waya. Mwacheni mvulana achague, maana watoto waliolelewa chini ya uangalizi wa serikali huamuliwa mambo mengi bila kuulizwa.

Makumbusho ya dhahabu, Museo del Oro, hufungwa Jumatatu. Yana maelfu ya vitu, na mumeo angeweza kushinda humo. Nendeni moja kwa moja kwenye chelezo kidogo cha dhahabu cha Wamuisca, wenyeji wa kale wa eneo hilo, kisichozidi sana sentimita 19, kilichombeba mtawala na watu wake, mkitazame hadi watoto washibe, kisha mwondoke.

Lakini ningeambiwa niwachagulie jambo moja tu, ningewachagulia Jumapili barabarani. Tangu miaka ya 1970 mji huo hufunga barabara zake kubwa kwa magari, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 8 mchana, na zaidi ya kilomita 100 za lami huachiwa wenye baiskeli, wakimbiaji na wanaotembeza mbwa. Hapalipiwi kiingilio, na watoto wawili wasioelewana hata neno wanaweza kuendesha baiskeli sambamba na kucheka pamoja. Kando ya njia huuzwa embe bichi lililokatwakatwa na kutiwa chumvi na ndimu; binti yenu, kama amewahi kufika Mombasa, hatahitaji kuelezwa.

Huyo binti ndiye anayenipa wasiwasi zaidi. Ameahidiwa safari, kisha atamkuta mama ameshughulika tangu alfajiri na mtoto anayelia kwa lugha nyingine, huku kila mtu akimkumbusha kwamba yeye ni mkubwa. Msimfanye yaya, na msimlazimishe kumpenda mdogo wake kwa ratiba. Kila wiki mzazi mmoja amtoe peke yake angalau nusu siku. Mathalani, baba ampeleke Zipaquirá, karibu kilomita 50 kaskazini, kwenye kanisa lililochongwa ndani ya mgodi wa chumvi, kama mita 180 chini ya ardhi. Mvulana abaki na wewe. Kumshusha gizani na watu aliowajua juzi ni kumwonea.

Kuhusu karatasi: Kolombia na Marekani zote zimo katika Mkataba wa The Hague wa 1993 kuhusu uasili wa kimataifa, na kabla ya hakimu kutoa hukumu mtoto hajawa wenu kisheria. Kwa hiyo mwombeni ruhusa ofisa wa ustawi anayeshughulikia jalada lake kabla ya kumtoa nje ya mji, hata kwa siku moja, na mtembee na nakala za barua zenu. Picha za sura yake msizirushe mitandaoni kwa sasa. Shangazi na wajomba wa nyumbani watasubiri.